Kukagua gari kuukuu kabla ya kununua spea: huduma ya gereji moja ya Nakuru

Gereji ninayoizungumzia iko katika Eneo la Viwanda la Nakuru, na huduma yake ninayotaka kuieleza ni moja tu: ukaguzi wa gari kuukuu unaolipiwa peke yake, kabla ya spea yoyote kununuliwa. Mimi nilitozwa Sh 3,000, na fedha hizo hazipunguzwi katika gharama ya matengenezo hata kama mwenye gari ataamua kazi yote ifanyiwe hapo hapo. Wapo watakaoona huo ni uchoyo. Kwangu mimi ndiyo sababu kubwa ya kuiamini gereji hiyo, kwa kuwa fundi aliyekwisha kulipwa kwa kuangalia hana haja ya kuutafuta ujira wake ndani ya orodha ya vitu utakavyoambiwa ubadilishe.

Gari langu ni Toyota Premio ya mwaka 2004, lenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, na odometa yake imepita kilomita 312,000. Hulitumia mara nyingi kati ya Nakuru na Kisumu kupitia Kericho, barabara ambayo haikifichi kilicho dhaifu ndani ya gari. Lilikuwa limeanza kuchemsha maji likipanda kuelekea Mau Summit, sehemu ya juu ya barabara hiyo, mbele kulikuwa na mgongano kila gurudumu lilipoingia shimoni, na taa ya injini iliwaka bila kuzimika. Gereji nyingine ya mjini iliniandikia makadirio ya Sh 187,000: mkanda wa taimingi, gasketi ya silinda hedi, shoki zote nne, katalisti (kifaa cha kusafisha moshi wa eksozi), kusafishwa kwa giaboksi kwa mashine, na chini kabisa maneno kwamba injini "imechoka" na huenda ikabidi inunuliwe nyingine. Hizo ni zaidi ya theluthi ya fedha ambazo ningepata kama ningeliuza gari lenyewe, na ndipo nilipoona kwamba swali la kwanza halikuwa nitazipata wapi, bali ni kipi kati ya hivyo kilichoharibika kweli.

Jambo la kwanza lilimalizika kabla hata boneti halijafunguliwa. Fundi mkuu alisoma yale makadirio, akaweka kidole kwenye mstari wa mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, akasema: "Mzee, injini hii haina mkanda wa taimingi. Ina cheni." Injini za mkanda huwekewa kikomo cha kilomita, mara nyingi karibu 100,000, kwa sababu mkanda ukikatika katika baadhi ya injini valvu na pistoni hugongana. Cheni haina kikomo cha namna hiyo. Inayoimaliza ni oili chafu au iliyopungua, na dalili yake ni mlio wa kukwaruza unaosikika sekunde chache za kwanza injini inapowashwa ikiwa baridi. Kwa ajili hiyo gari langu lilibaki hapo usiku kucha, na asubuhi likawashwa mbele yangu. Mlio haukuwapo.

Suala la injini kuchoka lilichukua muda mrefu zaidi, na ndipo nilipoona tofauti ya fundi anayepima na fundi anayekisia. Ile gereji ya kwanza ilikuwa imepima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, na kuilinganisha na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Nakuru, hata hivyo, iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Silinda haiwezi kubana hewa isiyokuwapo. Gari zima kabisa litasoma chini likipimwa Nakuru kuliko likipimwa Mombasa. Kwa hiyo fundi aliipasha injini moto, akatoa plagi zote nne, akahakikisha betri imejaa chaji, akaniomba nikanyage mafuta hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi, kisha akaandika kila silinda: 150, 148, 152 na 150, kwa pauni kwa inchi ya mraba. Alichokitazama zaidi si ukubwa wa namba hizo bali ukaribu wake. Silinda moja ingeachana sana na wenzake, angemimina oili kidogo ndani yake na kupima tena: namba ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha, isipopanda, valvu au gasketi ndiyo inayovujisha. Hapakuwa na haja ya kufika huko. Injini yangu hula oili kidogo, jambo la kawaida kwa umri wake, na dawa ya hilo ni kuangalia kijiti cha oili kila wiki na kuongeza panapopungua. Kununua injini ya mtumba ambayo historia yake haijulikani kungekuwa kubadilisha tatizo dogo ninalolijua kwa kubwa nisilolijua.

Kuhusu kuchemsha maji, walianza na kipimo cha gasketi ya silinda hedi. Chupa yenye maji ya rangi ya buluu huwekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Moshi wa silinda ukipenya hadi kwenye maji ya rejeta, ile buluu hugeuka manjano. Tuliitazama muda wa kutosha, na buluu ikabaki buluu. Feni ziliwaka zilipotakiwa, themostati ikafunguka, pampu ya maji haikuvuja. Kisha fundi akatoa kifuniko cha rejeta, akakifunga kwenye pampu ya mkono yenye geji, akapampu. Kifuniko kiliandikwa 1.1, maana yake kinapaswa kushikilia mgandamizo wa baa 1.1, lakini kilianza kuachia kabla ya kufika nusu. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka, na niliuona kwa macho yangu.

Naomba hapa msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili linawahusu wote wanaoendesha magari makuukuu katika nyanda za juu. Maji katika mwinuko wa Nakuru huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, na huko Mau Summit chini ya hapo, ilhali injini ya kisasa hufanya kazi kwa joto lililo karibu na hilo au kulipita. Kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko pamoja na kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa vizuri. Kifuniko kikilegea, gari litatembea salama mjini na kwenye tambarare za Ahero karibu na Kisumu, kisha litachemka mlimani, nalo litaonyesha dalili zile zile za gasketi iliyoungua. Kifuniko kipya kilinigharimu Sh 1,200. Kazi ya gasketi nisiyoihitaji ilikuwa imekadiriwa kwa makumi ya maelfu, na tangu kifuniko kibadilishwe na kulanti mpya kumiminwa, gari limepanda Mau Summit bila mshale wa joto kusogea.

Chini ya gari ndiko kulikokuwa na ubovu wa kweli. Gari lilipopandishwa juu, fundi alichukua mtaimbo mfupi, akaupenyeza kwenye bushi (mpira wa kiungio) ya nyuma ya mkono wa chini wa kulia, ule unaoshikilia gurudumu la mbele, akausukuma kidogo. Mkono mzima ulihama. Mpira ulikuwa umechanika pande zote na chuma kilikuwa kikigonga chuma. Huo ndio mgongano niliokuwa nikiusikia. "Mzee, shika mwenyewe," alisema, nikashika. Shoki za mbele zilikuwa zimelowa oili hadi chini, kwa hiyo zilistahili kubadilishwa, na zibadilishwe mbili kwa pamoja. Za nyuma zilikuwa na vumbi kavu, nazo ziliachwa. Buti ya sivi jointi ya kushoto, yaani mpira unaofunika kiungio kinachozungusha gurudumu, ilikuwa na ufa, grisi ikiwa imeanza kurushwa kwenye rimu, lakini jointi yenyewe haikulia gari lilipozungushwa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Hii ndiyo kazi ambayo mwenye gari hapaswi kuiahirisha, kwani buti na grisi ni gharama ndogo leo, na mchanga ukiingia utanunua jointi nzima.

Upande wa breki sikuwa na ubishi wowote. Pedi za mbele zilibaki milimita 3, disiki zilipimwa na kuonekana bado ziko juu ya unene wa mwisho ulioandikwa ukingoni mwake, na oili ya breki ilionekana kuwa imenyonya maji mengi. Oili ya namna hiyo huchemka upesi breki zinapopata moto, na pedali huzama chini ya mguu wakati dereva anapoihitaji zaidi. Kutoka Mau Summit hadi uwanda wa Kano, huko Ahero, barabara hushuka zaidi ya mita 1,000. Sioni hoja yoyote ya kubana matumizi hapo.

Taa ya injini ilikuwa ikitoa msimbo wa P0420, unaosema kwamba katalisti haifanyi kazi inavyotarajiwa. Msimbo hutaja dalili. Hauamuru kifaa kinunuliwe. Walikuta gasketi ya eksozi inavuja mbele ya sensa inayopima moshi, wakaibadilisha, wakafuta msimbo, nao haujarudi. Kuhusu giaboksi, walishauri oili yake isisukumwe kwa mashine katika umri huu, bali imwagwe na kujazwa upya kwa ile ya aina ya T-IV ya Toyota, kisha kazi hiyo irudiwe baada ya kilomita kadhaa, maana ukimwaga mara moja sehemu kubwa ya oili hubaki ndani.

Ripoti yao huandikwa kwa mkono katika safu tatu: ya sasa, ya kusubiri, na ya kuachwa. Ninaipenda safu ya tatu kuliko zote, kwa sababu ni nadra kukuta gereji inayothubutu kuandika kwamba kitu fulani kisiguswe. Katika jambo moja, hata hivyo, sikukubaliana nao. Tairi za mbele waliziweka kwenye safu ya kusubiri kwa kuwa zilikuwa na milimita 4 za kashata, yaani kina cha mifereji ya tairi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni zilikuwa 1416, yaani ziliundwa wiki ya 14 ya mwaka 2016, na nyufa nyembamba zilikuwa zimeanza kujitokeza kando ya rimu. Mpira huzeeka hata kama haujalika. Niliwaambia nitazibadilisha mara moja, na kwa haki yake fundi alikubali kwamba alipima kina bila kusoma tarehe. Anayekwenda huko na asome tarehe mwenyewe.

Zipo kasoro nyingine. Ripoti haina bei za spea, kwa hiyo mteja hulazimika kuzunguka madukani akiwa na karatasi isiyosomeka vizuri, na hakuna anayemwelekeza namna ya kutofautisha bushi halisi na bandia, ingawa bandia ndizo zinazomrudisha mtu gereji baada ya miezi michache. Hawana mashine ya alaimenti, yaani ya kunyoosha magurudumu; baada ya bushi na shoki kubadilishwa lazima uende kwingine, na usipokwenda tairi mpya zitalika upande mmoja. Pia huchukua gari chache kwa siku, na ahadi ya saa nne asubuhi inaweza kuwa saa nane mchana.

Gharama yote, pamoja na ukaguzi, bushi, shoki mbili za mbele, buti, pedi, oili ya breki, kifuniko, kulanti, gasketi ya eksozi na oili ya giaboksi, ilifika Sh 46,500 bila tairi. Mwenye gari jipya ambalo bado lina dhamana hana haja ya huduma hii, na mwenye tatizo moja linaloonekana wazi anaweza kwenda moja kwa moja kwa fundi wake. Inawafaa zaidi walioshika makadirio marefu mkononi na hawajui waanzie wapi, pamoja na wale wanaotaka kununua gari la mtumba lililotembea sana. Wao wapeleke gari jioni ili lilale pale na injini ipoe kabisa, wasiongeze oili wala maji siku hiyo, wasiioshe injini, na wachukue ile karatasi ya makadirio waliyoandikiwa kwingine, kwa sababu fundi ataipitia mstari kwa mstari.