Duka la mikate karibu na daraja la Henley-on-Thames

Serikali ya Uingereza ilipotangaza amri ya kubaki nyumbani kwa sababu ya korona tarehe 23 Machi 2020, duka hili dogo la mikate, lililo hatua chache kutoka daraja la mawe la mto Thames, liliwahudumia wakazi kwa uangalifu unaostahili sifa. Wateja walisubiri nje wakiachiana mita 2, na mkate, ambao bado ulikuwa na joto na ganda lake lililia ukiubonyeza, uliwekwa ndani ya mfuko wa karatasi juu ya meza iliyozuia mlango. Unga ulipoadimika madukani, mwokaji alipima wa kwake na kuuza kilo mojamoja. Simu zilichelewa kupokelewa, lakini wazee wasiotoka walipelekewa mikate nyumbani bila malipo ya ziada.