Koti langu walilibakiza Lubumbashi, nikaenda kutetemeka Luangwa

Nyota tatu nilizokuwa nimewawekea moyoni zimeshakuwa mbili kabla sijaanza kuandika. Tuone zitabaki ngapi nikimaliza.

Wakala huyu wa safari yuko hapa mjini Lubumbashi, jina naliacha. Anapeleka watu kwa lori, mnalala kwenye mahema, mpaka mbuga ya South Luangwa kule Zambia: Kasumbalesa, Lusaka, halafu Chipata. Tulienda kwenye miezi ya baridi, ile ambayo hata hapa kwetu mtu anatoka asubuhi amejifunga kitambaa kichwani. Walitutumia orodha ya mizigo kwa simu. La maana ndani yake lilikuwa moja: msilete valizi ngumu ya magurudumu, leteni begi laini, kwa sababu sehemu za kuwekea mizigo ndani ya lori ni nyembamba. Hapo walisema kweli. Mwisho kilo 15. Langu mizani ilionyesha 13.

Sasa sikilizeni. Binti wa kupokea mizigo hakutosheka na mizani. Alilifungua begi langu palepale penye lori, mbele ya abiria wote, akawa anatoa kimoja kimoja: vitenge, sweta, na zile nguo ambazo mama mwenye wakwe hazianiki hata uani. Pembeni alisimama papa mmoja tunayesali naye. Maskini, akageuka akaanza kusoma namba ya lori. Nikamwambia binti, "Mwanangu, polepole." Akanijibu bila kuniangalia, "Mama, tunaenda kutembea, hatuhami." Kisha akanyanyua koti langu zito la bluu: "Hili linabaki ofisini. Bluu inaita mbung'o."

Mbung'o wapo kule, sikatai, na bluu na nyeusi zinawavuta. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Lakini mbung'o ni mdudu wa joto. Kwenye baridi ya alfajiri haruki. Anaanza kazi jua likipanda, na saa hiyo koti limeshavuliwa, liko chini ya kiti. Mtu anayeishi kwa kupeleka watu mbugani hajui hilo?

Na huyuhuyu aliyeogopa bluu yangu alimwacha kijana mmoja apande na suruali ya mabaka ya kijeshi! Zambia raia haruhusiwi kuvaa vile, wasafiri wote wa njia hiyo wanajua. Tulipovuka mpaka suruali ikachukuliwa, maswali yakafuata, na sisi wengine tukakaa tunangoja mpaka hasira ikageuka njaa.

Mbugani, gari la kuangalia wanyama halina vioo wala milango. Mnatoka saa kumi na mbili asubuhi, na likikimbia upepo unaingia mpaka kwenye meno. Chui tulimwona. Wenzangu wanasema alikuwa juu ya mti, ametulia, mkia unaning'inia. Mimi nakumbuka vidole vyangu tu. Nilijifunga vitenge vyote, kimoja juu ya kingine, bado nikawa natetemeka, mpaka dereva wetu wa lori, aliyekaa nyuma yangu, akanipa blanketi lake mwenyewe. "Mama, funika na mabega." Huyo mtu aliendesha, alipika, alisimamisha mahema, na sikumsikia akimpandishia mtu sauti. Kwa ajili yake nikasema basi, nyota nne, mambo ya koti yaishe.

Tuliporudi nikapita ofisini kulichukua. Kabatini halikuwepo. Lilikuwa mwilini mwa yule binti. "Samahani mama, huku nako kulikuwa na baridi." Akalivua akanipa, linanuka marashi yasiyo yangu, na mfukoni makombo ya biskuti.

Nyota moja. Wanaotaka kwenda waende, mbuga ni nzuri na bei yao haiumizi, ila koti livaeni mwilini tangu nyumbani, mtu asilikute kwenye begi. Na dereva, ukisoma hapa uniwie radhi: zako ni tano, lakini sijapewa mahali pa kuziweka kando na zao.