Chumba cha vitabu vya kukodi huku Majengo: rafu nzuri, vibandiko vya kurekebishwa

Nakodi vitabu pale tangu mwezi wa pili, kwa hiyo ninayoyasema nimeyalipia. Ni chumba cha mbao hapa Goma, kati ya kijana wa kuchaji simu na mama wa samaki sambaza, na mlango wake ni wa buluu. Jina silitaji kwa sababu kuna mahali nitamlaumu mwenyewe. Kitabu kimoja kwa wiki ni faranga 1,000, na mara ya kwanza unaacha garanti ya 5,000. Ukichelewesha siku moja unalipa wiki nzima. Hilo sikulipenda, ila nilikuta limeandikwa ukutani.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akisema anakuja saa nne, najua ni saa nane, na kati ya hapo nasoma. Wauzaji wengi wa vitabu ninaowajua wanamwaga kila kitu juu ya turubai, kamusi ya madawa imelalia riwaya ya mapenzi. Huyu amepanga rafu kwa aina na kupigilia vipande vya katoni: Riwaya, Upelelezi, Mapenzi, Historia, Maisha ya Watu, Ngano. Kwa macho yaliyochoka na sindano, katoni hizo ni msaada mkubwa. Nilitaka upelelezi, nikaenda moja kwa moja kwenye katoni yake, nikamkuta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale. Usiku tatu nikamaliza. Pale kibandiko hakikunidanganya: mtu ameuawa, kila mmoja ana lake la kusema, na wewe unatafuta muuaji pamoja na mpelelezi.

Tatizo ni rafu nyingine. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ameiweka kwenye Historia! Nadhani aliona habari za nchi, waziri na baraza, akaishia hapo. Nchi yenyewe inaelea hewani, jamani. Wajumbe sita wametumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, na kila anayerudi na jambo jema anaadhibiwa. Hiyo ni istiara: mwandishi anataja nchi isiyokuwapo ili wewe utambue unayoijua. Kinyume chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha mwandishi huyohuyo, kiko kwenye Riwaya. Mwenzangu wa cherehani ya pili alikikodi akijua ni cha kubuni. Akasoma jinsi binti wa kijiji cha Fumba alivyofika mjini Unguja na kuwa mwimbaji wa taarabu anayejulikana hadi ng'ambo. Nilipomwambia huyu mama aliishi kweli na alifariki mwaka 1950, aliacha kukanyaga mashine. "Kumbe nimelia juu ya mtu wa kweli?" Akaanza kukisoma upya.

Binti yangu ndiye aliyenifanya niangalie vibandiko kwa makini. Alileta kazi ya shule ya kutofautisha aina za masimulizi, na walimu wao wanazitaja kwa Kifaransa. Kwenye daftari nikaona ameandika "miti", nikamuuliza kama ni somo la misitu. Kumbe ni "mythe" ya Kifaransa, yale masimulizi ya asili ya dunia na ya kifo, ambayo sisi tunaita visasili. Tukaenda pamoja dukani, rafu ya Ngano, na katikati ya visa vya sungura na fisi tukakuta kijitabu cha Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga.

Hapo nilikasirika, nakiri. Mama yangu ni Mnyanga wa Walikale. Hadithi ya sungura babu aliimaliza kabla ugali haujaiva. Lakini karisi, utendi wenyewe, haukuwa wa kumalizika jioni moja. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alimtolea mtafiti Daniel Biebuyck utendi huo kwa siku 12, akiimba, akicheza, akiigiza, watu wakimwitikia. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1969, naye Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, akishiriki kuyatayarisha.

Ukisikia jina la sifa la Mwindo, Kabutwakenda, huhitaji kujua Kinyanga: kamezaliwa, kakaenda, siku hiyohiyo. Baba yake Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume. Alimrushia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akatoka kote, akamfuata baba hadi kuzimu, na badala ya kumuua akarudi naye wakagawana utawala. Baadaye yeye mwenyewe, shujaa huyo, akaadhibiwa na Nkuba, radi, kwa kumuua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba. Sungura wa ngano haadhibiwi namna hiyo. Anakula karanga za watu na kukimbia. Na ndani ya utendi huo mna nyimbo, methali, sifa na maombi, kwa hiyo aina nyingine zimelala humo kama watoto katika kitanda kimoja. Kijitabu cha dukani kimefupishwa na kina picha, sawa, lakini mtoto akikikuta kati ya fisi na sungura atadhani ni kisa cha kulalia.

Nilimwambia kijana mwenye chumba cha vitabu. Hakubisha. Alisema, "Mama, mimi nimepanga kwa jalada, muda wa kusoma vyote sina." Jibu la ukweli, ingawa kwa faranga 1,000 ningependa apate muda. Aliniomba nimwandikie majina kwenye karatasi, nami nikamwandikia nyuma ya risiti ya vifungo: istiara, wasifu, kisasili, utendi.

Basi, kama unakaa huku na unapenda kusoma, nenda. Taa ni moja na iko mbali na rafu ya chini, beba simu yenye tochi. Jumapili wamefunga.

Jumamosi nilipita tena. Kusadikika bado iko Historia. Lakini pembeni ya Ngano kuna katoni mpya, UTENDI, kwa kalamu nyekundu, na chini yake pako wazi. Kijitabu kimekodishwa hadi Alhamisi.