Bakapu ya baiti 20: uzoefu wangu na huduma moja ya bakapu Kampala

Niliamka nikiwa na nyota moja mkononi ya kuipa huduma hii. Mchana zikawa mbili. Someni hadi mwisho mjue zimebaki ngapi.

Ni kampuni ya hapa Kampala, tunailipa kila mwezi kwa mobile money itutunzie bakapu (nakala za akiba) za seva. Bei na ukubwa wa hifadhi viko kwenye tangazo lao. Mimi ugomvi wangu ni faili moja.

Diski ya seva ilikufa wiki chache zilizopita, siku umeme ulipokuwa unakatika na kurudi kama taa ya disko. Tukaweka diski mpya, programu ya hifadhidata PostgreSQL toleo la 16, tukashusha bakapu ya usiku uliotangulia, tukairejesha. Ikamaliza chini ya sekunde moja, bila kosa hata moja. Hifadhidata ya gigabaiti 40! Piga \dt, amri ya kuorodhesha majedwali: hakuna jedwali.

Piga ls -l uone ukubwa wa faili ya bakapu: baiti 20. Aliyewahi kuipa gzip, programu ya kufinya faili, kitu kitupu anaijua namba hiyo. Ni kichwa na mkia wa faili, katikati hewa.

Nikawaandikia WhatsApp. Jibu: "Ssebo (bwana), kwetu ripoti zote ni kijani, angalieni seva yenu." Nikatuma picha ya ukubwa wa faili. "Ssebo, tumeipima kwa gzip -t, faili ni nzima." Nzima, ndiyo! Hata gunia tupu ukilishona mdomo ni zima.

Kilichotokea ni hiki. Skripti yao inaita pg_dump, amri ya kunakili hifadhidata, na kupitisha matokeo kwenye gzip kwa paipu, yaani alama | inayounganisha amri. pg_dump yao ilikuwa ya toleo la 14, nayo hukataa katakata kunakili seva ya toleo kubwa kuliko lake. Sisi tulikuwa tumepandisha seva kutoka 14 hadi 16 na hatukuwaambia. Hapo nakubali lawama. Lakini ujumbe wa kosa wao waliutupa /dev/null, shimo la kutupia kisichotakiwa, na kwenye paipu bash, inayoendesha skripti, hutazama kama amri ya mwisho tu imefaulu. Amri ya mwisho ni gzip, ambayo ilifinya hewa kwa uaminifu wote. Kijani! Na psql, programu ya kurejesha bakapu hiyo, ukiilisha faili tupu haina malalamiko, inarudisha sifuri, yaani "nimefaulu", nayo kijani.

Dawa yake? set -o pipefail juu ya skripti, ili amri yoyote ya paipu ikifeli, paipu nzima ihesabiwe imefeli. Mstari mmoja! Kisha zcat faili | tail uone mistari ya mwisho: dampo la maandishi, yaani nakala ya pg_dump, lililokamilika lina maneno "PostgreSQL database dump complete" karibu na mwisho. Usipoyaona, usilale. Wakati wa kurejesha, psql ipewe -v ON_ERROR_STOP=1, la sivyo inaruka makosa na kuendelea na safari.

Kilichonichoma zaidi ni mzunguko. Wanatunza nakala 14, ya 15 ikiingia ya zamani kabisa inafutwa. Kwa hiyo hewa ya wiki mbili ilifuta kila kilicho kizuri, moja kila usiku, na ripoti inacheka tu.

Halafu akaingia kijana wa zamu ya usiku. Huyu hakubishana. Alifungua skripti, akasema "kosa ni letu, ssebo", akachimbua nakala ya mwisho wa mwezi iliyokuwa kwenye diski nyingine. Akaonya pia kwamba pg_dump haibebi watumiaji wa hifadhidata, tuwaunde kwanza, maana tungepata "role does not exist" mstari baada ya mstari. Kuanzia sasa wanachukua na pg_dumpall --globals-only, inayobeba watumiaji hao. Siku zilizopotea tunaziingiza kwa mkono kutoka vitabu vya risiti. Kwa ajili ya kijana huyo nikaandika nyota mbili, nikafikiria hata tatu.

Jioni hii ankara imefika. Chini ya ada ya mwezi wameongeza mstari: "urejeshaji wa dharura".

Moja.