Uzoefu wangu: picha za rangi za mashambani Marekani, kutoka kwenye simu hadi ukutani

Nimeutumia mkusanyo huu kwa muda mrefu sasa, na kwa kuwa sijakutana na mtu aliyeueleza kwa Kiswahili, acha niueleze kwa kirefu. Nazungumzia picha za rangi za FSA na OWI, ofisi mbili za serikali ya Marekani za miaka ya 1930 na 1940, zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bure, bila kujisajili, na kwa kuwa zilipigwa na wapiga picha wa serikali, hazina vikwazo vya haki miliki vinavyojulikana. Mimi ni mpiga picha wa studio hapa Mwanza. Hukumu yangu naitoa mapema: ukitaka kuona sura ya maisha ya mkulima pale uchumi unapomkaba koo, sijapata chanzo kingine cha picha za zamani kinachoufikia huu. Ningekuwa wa kutoa nyota, ningetoa zote tano, pamoja na malalamiko nitakayoyataja mbele.

Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo utaona picha nzuri tu ukapita. Uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1929. Kufikia 1933 karibu robo ya wafanyakazi walikuwa hawana ajira, bei ya mazao ilikuwa imeporomoka, na katikati ya nchi ukame na vumbi viliwang'oa watu mashambani. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaunda idara ya kuwakopesha na kuwapa makazi mapya wakulima maskini, na tangu 1937 idara hiyo ikaitwa Farm Security Administration, yaani FSA. Ndani yake kulikuwa na kitengo cha picha kilichoongozwa na Roy Stryker. Aliwaandikia wapiga picha wake orodha ndefu za mambo ya kutafuta, kisha akawatuma barabarani. Nyingi ya picha walizorudi nazo ni nyeusi na nyeupe. Negativu zilizohifadhiwa ni kama 175,000. Za rangi ni takriban 1,600 tu, za kuanzia 1939 hadi 1944. Chini ya nusu ndizo za FSA, na zilizobaki ni za OWI, ofisi ya habari za vita iliyokichukua kitengo hicho mwaka 1942.

Picha nyeusi na nyeupe za kipindi kile wengi tumeziona. Yule mama wa Nipomo, California, aliyepigwa picha na Dorothea Lange, mmoja wa wapiga picha wa Stryker, mwaka 1936, yuko karibu kila mahali. Ni picha kubwa, sibishi. Lakini kijivu kina namna ya kutuaminisha kwamba umaskini ule ulikuwa wa watu wa kale, watu wasiotuhusu. Rangi inakunyima kisingizio hicho. Unaona nguo iliyofuliwa hadi ikapauka, anga la bluu kama la jana mchana, mashavu ya mtoto yaliyopigwa na jua, na unatambua kwamba hawa ni watu wa dunia hii hii.

Picha iliyonishika kuliko zote ni ya Jack Delano, ya Juni 1941, karibu na White Plains, kaunti ya Greene, jimbo la Georgia. Watu wako shambani na majembe, wanapalilia pamba. Udongo wao ni mwekundu. Kwenye nyeusi na nyeupe udongo huo ungekuwa wa kijivu kama udongo wowote, lakini hapa unaona kabisa ni ardhi ya aina gani, na unaona miche ilivyo midogo, kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Sisi wa Usukumani palizi ya pamba tunaijua: unapunguza miche, unaondoa magugu, jua liko utosini, na mstari unaofuata unakusubiri. Maelezo ya picha yanaeleza kuwa shamba ni la kukodi. Ukishajua hilo, unaiangalia upya, kwa sababu sehemu ya jasho lile inakwenda kwa mwenye ardhi kabla familia haijaweka chochote ghalani.

Nyingine ni za Russell Lee, za mwaka 1940, kutoka Pie Town, kijiji cha nyanda za juu huko New Mexico. Waliohamia pale wengi walitoka Texas na Oklahoma, wamefukuzwa na ukame, wakaanza upya kwa kuchimba nyumba zao nusu ndani ya ardhi. Tafuta picha ya Jack Whinery na familia yake. Baba, mama na watoto wamekaa mbele ya ukuta uliobandikwa makaratasi, wote wanamtazama mpiga picha. Katika maelezo ya picha nyingine ya familia hiyo, ile ya nyeusi na nyeupe, imeandikwa kwamba dirisha kubwa la nyumba lilitengenezwa kwa kioo cha mbele cha gari bovu lililowaleta kutoka magharibi mwa Texas. Gari limechoka, kioo kimekuwa dirisha! Mtu yeyote aliyekulia kwetu, ambako tairi hugeuka kandambili, atamwelewa Whinery bila mkalimani.

Lakini Pie Town ile ile ina picha za maonyesho ya kijiji: watoto wanaimba shuleni, watu wanasali kabla ya kula nyama choma, matunda na mboga vimepangwa mezani kwa mashindano. Kuna pia picha ya mitungi ya vyakula vilivyosindikwa nyumbani, imepangwa safu safu, na rangi zake zinang'aa. Hapo rangi inafanya kazi ambayo kijivu hakiwezi. Unaona fahari ya mwanamke aliyesindika vile vyakula. Wapiga picha wengi wanaokuja kupiga dhiki za watu, hata leo, hawaelekezi kamera kwenye fahari. Lee aliielekeza, na kwa hilo namheshimu sana.

Niingie kidogo upande wa ufundi, maana ndiko nilikojifunza mengi. Filamu ni Kodachrome ya Kodak, iliyoingia sokoni mwaka 1935 kwa ajili ya sinema na 1936 kwa kamera za milimita 35. Waliobuni ni wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Filamu yenyewe haikubeba rangi. Ilikuwa na tabaka za kunasa mwanga wa bluu, wa kijani na wa nyekundu, kisha rangi zenyewe ziliingizwa wakati wa kusafisha. Kazi hiyo haikuwezekana kufanyika kwenye chumba chako cha giza. Filamu ilipelekwa kwa Kodak, nawe ukasubiri. Kodachrome za mwanzo kabisa zilipauka vibaya, lakini utaratibu wa kusafisha ulibadilishwa mwaka 1938, na picha za rangi za FSA zinaanza 1939. Bahati ilioje! Slaidi zile zikikaa gizani karibu hazipauki. Wateja wananiletea picha za harusi za miaka ya 1970 na 1980 ambazo zimegeuka wekundu mtupu, nyuso hazitambuliki, wakati hizi za 1940 bluu yake bado ni bluu.

Gharama yake ilikuwa mwanga. Kodachrome ya wakati ule ilikuwa nzito mno kushika mwanga, kama ISO 10 kwa kipimo cha leo cha wepesi wa kushika mwanga. Ndiyo maana nyingi zimepigwa kwenye jua kali na vivuli vimezama kuwa vyeusi tii. Ukizidisha au ukipunguza mwanga kidogo tu, slaidi imeharibika na hakuna negativu ya kukuokoa. Kwa picha za ndani walihitaji balbu za flashi, na Lee alikuwa fundi wa flashi. Nikiangalia ile familia ya Whinery ndani ya handaki lao, najua kila uso ulipangiwa mwanga wake.

Sasa matumizi yenyewe. Kwenye simu unaangalia vizuri tu, ila kila picha ina faili za ukubwa tofauti, na ile ya TIFF ni nzito, makumi ya megabaiti na zaidi. Usiguse TIFF kwa bando la siku. Subiri uwe kwenye Wi-Fi. Kwa kuangalia tu JPEG inatosha kabisa. Picha hizo hizo zipo pia Flickr, tovuti ya kuwekea picha, ambako Maktaba ilizipandisha Januari 2008, na faida ya huko ni maoni ya watu: wapo waliotambua majengo, barabara na mashine, na baadhi ya masahihisho yao yakaingizwa kwenye kumbukumbu za Maktaba.

Maelezo yote ni ya Kiingereza. Kwa asiyekizoea, njia rahisi ni kutafuta kwa majina: Russell Lee, Jack Delano, Marion Post Wolcott, John Vachon, Arthur Rothstein. Au kwa mahali: Pie Town, Clarksdale, Belzoni, Robstown, Puerto Rico. Ukipata picha unayoipenda, fungua na jirani zake, zile zilizopigwa siku hiyo hiyo. Robstown, Texas, kwa mfano, Rothstein alipiga picha kwenye kambi ya FSA Januari 1942, na humo mna mvulana anaunda ndege ya kuchezea huku msichana akimtazama. Picha moja inakupa kambi. Jirani zake zinakupa maisha ya kambi.

Tahadhari moja muhimu. Mitandaoni zimejaa picha za Lange na Walker Evans zenye rangi. Hizo zimepakwa rangi miaka ya karibuni kwa kompyuta. Evans aliondoka kitengoni mwaka 1937, na Lange kazi yake ya FSA ni nyeusi na nyeupe. Kompyuta inakisia rangi ya gauni. Kodachrome ililiona gauni. Naomba sana walimu wasichanganye hivi vitu viwili darasani.

Malalamiko yangu makubwa ni ya majina. Pie Town tunawajua watu: Jack Whinery, Faro na Doris Caudill. Lakini ukienda Clarksdale, Mississippi, ambako Wolcott aliwapiga picha wachuma pamba Weusi mwaka 1939, ni vibarua tu. Belzoni, wanaovua samaki kwenye kijito karibu na mashamba ya pamba, hawana majina. Puerto Rico, Delano aliwapiga picha watoto kwenye makazi ya kampuni, nao ni watoto tu. Maktaba imehifadhi maelezo kama yalivyoandikwa, na ilifanya sawa, lakini ukizipitia picha kwa wingi pengo hilo linauma. Kumbuka pia aliyelipia filamu ni serikali iliyotaka kuonyesha kwamba mikopo yake inafanya kazi, na kwamba miaka mibaya kabisa ya vumbi ilikuwa imeshapita rangi zilipoanza.

Za OWI sikai nazo sana. Viwanda vya ndege, vifaru, nyuso zilizowekewa taa kama za matangazo. Zimepigwa kwa ustadi mkubwa, ila ni vita inayotangazwa. Isipokuwa Delano: wanawake wanaosafisha injini za treni huko Clinton, Iowa, mwaka 1943, wakila chakula cha mchana. Hiyo usiikose.

Kuhusu kuchapa. Sehemu ya kwanza nilikopeleka faili walikoleza rangi, nyuso zikawa za machungwa. Nikahamia kwa fundi mwingine aliyekubali kuzima marekebisho ya kiotomatiki, na tofauti ilikuwa kubwa. Skani za Maktaba hazijapambwa, kingo za slaidi na vumbi utavikuta. Kata kingo, inua vivuli kidogo sana, rangi usiziguse. Tumia karatasi isiyong'aa, kwa sababu yenye kung'aa inazifanya zionekane kama kalenda.

Ile ya palizi ya Georgia nimeitundika studio. Mzee mmoja aliyekuja kupiga pasipoti aliisimamia kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, hawa mbona wanapalilia wamesimama?"

"Mipini ya majembe yao mirefu, mzee."

"Afadhali migongo yao. Na pamba waliuza bei gani?"

Kwenye maelezo bei haipo. Ndilo swali la kwanza la mkulima, na ningependa sana wale waliokuwa wakiandika maelezo wangeliuliza wakiwa pale shambani.

Ukitaka kuanza leo, anza na Lee wa Pie Town, kisha Delano wa kaunti ya Greene, kisha uende naye Puerto Rico na Visiwa vya Virgin, alikokuwa mwishoni mwa 1941, uone mashamba ya miwa. Kwa picha utakayoichapa, chukua TIFF. Chapa moja kwanza, ya A4, uikague kwenye mwanga wa mchana kabla hujalipia kubwa.