Kadi au mpira na tochi: msamiati wa anga darasani

Mwalimu wa Nairobi mwenye wanafunzi 60 na kipindi kimoja achague nini? Inategemea maneno anayofundisha.

Kwa majina, kadi hushinda. Karatasi ya manila ya A1 hutoa kadi 16 za A5: sayari 8, kuanzia Utaridi, Zuhura na Dunia hadi Neptuni, na maelezo 8 ya kuoanisha nazo. Gharama ni ndogo, na zikifunikwa kwa selotepu pana hudumu. Lakini mtoto anaweza kukariri "kupatwa kwa mwezi" bila kuelewa lolote, na hiyo ni hasara kubwa.

Hapo tochi haina mshindani. Ziba madirisha kwa magunia, weka tochi kimo cha kichwa. Mwanafunzi, ambaye kichwa chake ndicho Dunia, anyooshe mkono wenye mpira mweupe na ageuke polepole kuelekea kushoto. Ataona hilali, nusu, kisha mwezi mpevu. Kosa la kawaida hutokea akiipa tochi mgongo: kivuli cha kichwa hufunika mpira, naye hudhani kila mwezi mpevu hupatwa. Ainue mpira kidogo. Njia ya Mwezi imeinama takriban digrii 5, ndiyo maana mara nyingi hukikwepa kivuli cha Dunia.

Betri huisha, na tochi nyingi chumbani huchanganya mwanga. Kwa darasa kubwa, ita watoto 10 kwa zamu, wengine wakioanisha kadi. Klabu ndogo ya sayansi ianze moja kwa moja na tochi. Darasa lisilozibika mwanga litegemee kadi.