Kitabu cha Shilingi Elfu Saba: Dhahabu Yake Inabanduka au Haibanduki?

Haya, hamjambo wote, karibuni tena. Leo nadhani sauti iko sawa. Malalamiko yenu ya wiki jana nimeyasoma, ile maikrofoni ya kuazima nimeirudisha kwa mwenyewe, na feni nimeizima. Mkiniona uso unang'aa basi jueni ni jasho la Mombasa, sijajipaka mafuta. Hili la jasho lishikeni, tutalirudia.

Kitu chenyewe ndicho hiki. Dada, shusha kamera kidogo. Hapo hapo. Tress of the Emerald Sea, riwaya ya Brandon Sanderson, mwandishi Mmarekani wa hadithi za njozi, na hili ni lile toleo la kifahari lililotolewa na kampuni yake mwenyewe, Dragonsteel, kule Utah, Marekani. La kawaida lilitolewa na kampuni ya uchapishaji ya Tor, Aprili 2023, na bei yake ni nafuu kuliko hii. Idadi ya kurasa na urefu wa kitabu sisemi, mtavikuta popote. Mimi nina neno na jalada.

Bei kwanza, maana ndiyo iliyoniudhi. Dola 55! Kwa hela zetu ni kama shilingi elfu saba, na hapo hujalipia usafiri. Mimi kililetwa na binamu yangu kwenye begi, kikalala na jozi mbili za viatu, ndiyo maana mnaiona kona hii imebonyea. Mchapishaji hana kosa hapo. Binamu, unajijua.

Basi nilikitoa kwenye karatasi nikiwa tayari nimenuna. Elfu saba kwa kitabu kimoja, jamani, na hadithi ni ileile! Halafu nikakiinamisha hivi. Dada, zima taa. Zima tu. Sasa washa tochi ya simu, imulike kutoka ubavuni, usiimulike kwa mbele. Mnaona? Mnaona dhahabu inavyotembea?

Hii ni chapa ya moto. Kuna kibao cha chuma kilichochongwa mchoro mzima. Kinapashwa moto, katikati panawekwa utando mwembamba wenye rangi ya madini, kisha kinagandamizwa juu ya jalada. Pale chuma kilipogusa, rangi inaganda. Pengine pote utando unaondoka bure. Wino wa kawaida haukupi mng'ao wa namna hii, na ukipitisha kidole hivi, taratibu, unakihisi kibonde. Sasa tazameni mistari hii myembamba, ni kama nywele. Chuma kikizidi moto kidogo tu, mistari kama hii inavimba na kushikana. Hapa hakuna uliomgusa mwenzake. Nimetafuta kasoro kwa kioo cha kukuzia cha babu, nimekosa.

Lakini mimi ni mtu wa pwani, mng'ao haunilaghai. Mwaka jana nilinunua shajara yenye maandishi ya dhahabu, duka silitaji. Wiki moja mkononi, "2024" ikabaki "20". Kwa hiyo jaribio ni hili: kidole gumba, chenye jasho, jasho halisi, dada anathibitisha. Nasugua. Moja, mbili, tatu... nitaharakisha picha mpaka thelathini. Haya, thelathini. Kidole kisafi. Jalada lilelile. Nimesugua na pale kwenye kona iliyobonyea, mahali ambapo utando huanza kunyanyuka, na penyewe pametulia.

Na kichekesho ni kwamba hadithi yenyewe inahusu jasho! Bahari ya kitabuni haina maji. Imejaa vumbi la kijani, mbegu ndogo mno zinazomwagika kutoka mwezini, na upepo unaobubujika kutoka chini ndio unaoliyumbisha vumbi hadi meli zikaelea. Upepo ukikata, meli inakwama palepale. Na tone moja la maji likigusa mbegu hizo, iwe mate au jasho, mimea inayotambaa inachipuka kwa kishindo. Ikikuchipukia mdomoni, buriani. Sasa wawazie manahodha wetu wa jahazi hapo Old Port, mwezi wa Machi, saa saba mchana. Hata kamba hawajafungua, wote washageuka msitu. Msichana mwenyewe, Tress, anakusanya vikombe, na anaingia baharini kumtafuta kijana anayempenda. Mengine someni wenyewe.

Turudi kwenye michoro, maana hapa ndipo hasira yangu ilipoanza kulegea. Jalada na picha za ndani ni kazi ya mchoraji mmoja, Howard Lyon. Picha zina rangi kamili, na hata kurasa za maneno zimetiwa rangi ya pili. Wanaofanya kazi za uchapaji wanajua balaa lake: kila rangi ina bamba lake, karatasi ikiteleza kidogo tu unapata mapambo yaliyohama kama mtu aliyevaa kofia upande. Nimefungua kurasa ovyo, hapa, hapa, na hapa. Yamekaa sawa.

Kitabu hiki ni kimoja kati ya vinne. Tarehe 1 Machi 2022 Sanderson alitoa video akakiri kwamba wakati wa korona, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, aliandika riwaya za siri ambazo hata mchapishaji wake hakuziagiza. Akaitisha harambee kwenye Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha hela za miradi. Alitaka dola milioni moja kwa siku 30. Akapata milioni 41 na ushee, kutoka kwa watu zaidi ya 185,000! Rekodi iliyokuwepo kabla yake, milioni 20 za saa ya mkononi ya Pebble, ilianguka siku za mwanzo tu. Vitabu vikatoka 2023, kimoja kila robo ya mwaka. Na hili ndilo ninalolipenda: kila kimoja kilipewa wachoraji wake. Yumi and the Nightmare Painter kilichorwa na Aliya Chen, kile cha mchawi bahili, The Frugal Wizard's Handbook, akapewa Steve Argyle, na hakuna anayefanana na mwenzake.

Mtu atauliza, kwa nini mwandishi huyu anawajali wachoraji hivi? Hadithi yake inajulikana. Alipokuwa kijana wa darasa la nane kusoma kulikuwa kunamchosha, mpaka mwalimu wake akampa Dragonsbane ya Barbara Hambly. Jalada la kitabu hicho lilichorwa na Michael Whelan. Akasoma, akanasa. Mwaka 2010, kitabu chake kikubwa The Way of Kings kilipotoka Marekani, jalada lilichorwa na nani? Whelan huyohuyo. Nimelisema hili mara tatu kwenye chaneli hii na nitalisema ya nne. Ramani zake nazo huchorwa na Isaac Stewart, tangu enzi za riwaya yake Mistborn mwaka 2006, na leo ni mmoja wa wakubwa wa sanaa humo kwenye kampuni. Mchora ramani akapewa ofisi! Huku kwetu mchoraji wa jalada unatafuta jina lake kwa tochi, ukibahatika unalikuta ukurasa wa pili kwa herufi za mchwa.

Kuna aliyeandika wiki jana kwamba Sanderson ana bahati tu. Bahati gani, ndugu yangu? Alikuwa akifanya kazi ya usiku mapokezi ya hoteli, anaandika wageni wakilala. Elantris, kitabu chake cha kwanza kuchapishwa, kilichotoka 2005, ni riwaya ya sita aliyoiandika, na ilipokubaliwa yeye alishafika ya kumi na tatu. Ametulia.

Wenye kusikiliza vitabu, hili ni lenu, na nitalipita haraka. Zile riwaya za siri zilipotoka aliziweka mbali na Audible, duka la Amazon la vitabu vya kusikiliza, akaeleza hadharani kwamba wakati ule mwandishi alikuwa akipata asilimia 40 akijifunga kwao peke yao, na 25 asipojifunga. Mwenye wasomaji kama wake anaweza kugoma. Anayeanza Kisauni hawezi.

Wasomaji wenyewe nao ni kabila. Wana ensaiklopidia yao, Coppermind, inayoandikwa na mashabiki, yenye kila mhusika na kila sarafu. Wapo wanaosoma rasimu kabla ya kitabu kutoka wakatafuta makosa. Na kila mwaka wanakutana Salt Lake City, wengine wamevaa kama wahusika. Mimi nilifikiri sisi wa taarab ndio tunaojua kushabikia.

Sasa uamuzi, maana dada ananionyesha saa. Nilianza nikiwa nimepanga kusema msinunue. Bado nasema, ukitaka hadithi tu, chukua la kawaida au la kwenye simu, elfu saba ni karo ya mtu. Yale yake ya ngozi, yaliyo ghali zaidi, hayo hata sithubutu kuyataja mbele ya mama. Lakini kama wewe ni mchoraji, au unachapisha vitabu hapa kwetu, tafuta nakala moja uishike. Ushike tu. Kasoro yangu ni moja: unyevu. Kimekaa rafuni siku tisa, tayari jalada limeanza kujikunja nje kidogo, tazameni likilala mezani, pana upenyo wa kupitisha ukucha. Ubao wa jalada unakunywa hewa ya huku. Nimeweka vile vifuko vya kufyonza unyevu vya kwenye masanduku ya viatu, wiki ijayo nitawaambia kama kimenyooka.

Habari za chaneli: kuanzia mwezi ujao tunahamia Ijumaa, baada ya swala. Bonyezeni kengele, mnajua kazi yake. Na wale wa kundi letu la kusoma, Jumamosi nakuja nacho, kitazunguka mikononi. Mafuta ya nazi mpake baadaye, na atakayekuja na mahamri akae mwisho wa foleni. Dada, washa feni.